Vipele vya Shemeji

Mimi ndiye niliyemwambia shemeji avae barakoa. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu nikilichelewesha nitaanza kujitetea, na najijua: nikianza kujitetea huwa nashinda, hata pale ninapostahili kushindwa. Wateja hawakunipa jina la Mkasi kwa sababu ya kazi tu.

Shemeji ni mume wa dada yangu, na saluni ni yake. Nilipomaliza shule bila cheti cha kujivunia, yeye ndiye aliyenisimamisha nyuma ya kiti akanionyesha namna ya kushika mashine, namna ya kuvuta ngozi ya shavu kwa kidole gumba kabla wembe haujagusa, na namna ya kunyamaza mteja akitaka kunyamaza. Hilo la mwisho halikuniingia. Miaka kumi na mbili sasa tunafanya kazi pamoja: viti viwili, kioo kimoja kinachofunika ukuta mzima, benchi la wanaosubiri, redio, na chupa ya spiriti ambayo shemeji hakubali ipungue chini ya nusu. Kiti chake kiko karibu na mlango. Changu kiko ndani, karibu na sinki.

Kwa msioijua kazi yetu, mtu akinyolewa kwa wembe mchafu hutoka vipele kidevuni na kisogoni, na vikishamkamata havimwachi upesi. Kwa hiyo mteja mgeni akiingia, kabla hajauliza lolote, anamtazama kinyozi usoni. Uso wa kinyozi ndio kibao cha duka. Shemeji alikuwa na uso laini kupita kiasi kwa mtu wa miaka hamsini na mitatu, na alijua. Kila asubuhi alijinyoa mwenyewe mbele ya kioo kile, mlango ukiwa wazi, wapita njia wamwone. Nilimwambia hata bibi harusi hajiangalii hivyo, akasema bibi harusi anajiangalia siku moja, yeye ana duka la kulisha watu sita.

Kikohozi kilimwanza kama mchezo. Nikamtania kwamba anakohoa makusudi ili tusisikie redio ikitangaza timu yake imefungwa. Kilipofikisha mwezi wa nne dada alimburuta hospitali, wakampiga picha ya kifua, wakampiga nyingine kubwa zaidi, wakamkuta na saratani ya pafu. Mtu ambaye hajavuta sigara hata moja maishani, na aliyekuwa akiwatoa nje wateja wavutaji! Nilikasirika mno. Nilimkasirikia daktari, nikaikasirikia picha, nikamkasirikia hata shemeji mwenyewe kwa kukaa kimya kwenye benchi la hospitali kama mtu anayesubiri zamu ya kunyolewa.

Tulijiandaa kwa dripu, kulazwa na nywele kunyonyoka. Hayo hayakutokea. Walikata kipande kidogo cha uvimbe, wakakipeleka maabara, tukasubiri wiki tatu, kisha daktari akamwandikia vidonge. Kimoja kwa siku, asubuhi kabla ya kula, nyumbani kwake.

"Kidonge kimoja?" nilimwuliza tukiwa saluni. "Hiyo ni saratani au kuumwa kichwa?"

Shemeji alichukua mashine yake ya kunyolea, akaiwasha, akaizima.

"Daktari alinieleza polepole, nami nimeielewa hivi," alisema. "Kila chembe ya mwili ina maelekezo ndani yake. Wanayaita jeni. Sasa ipo jeni moja ambayo kazi yake ni kama swichi hii. Inawasha chembe ikue, ikitosha inazima. Kwenye uvimbe wangu swichi imeharibika. Imekwama ikiwa imewaka. Chembe zinakua tu, hazijui kusimama."

"Umerithi kwa nani balaa hilo?"

"Sijarithi kwa mtu. Imeharibikia humu humu, ndani ya pafu. Watoto hawanayo, nimeuliza hilo kabla ya yote. Kidonge kinakwenda kuikalia swichi ileile. Ndiyo maana walipima kwanza. Mwenzangu akiwa na saratani ya pafu lakini swichi yake hiyo ni nzima, akimeza hiki hakimsaidii kitu."

"Kwa hiyo kinaitengeneza."

"Hapana, kinaishikilia tu. Ukiiachia, inawaka tena."

Nilielewa. Nataka hili lijulikane: nilielewa siku ileile, mara ya kwanza, bila kuuliza tena. Sina pa kujificha nikasema sikujua.

Kisha akaniomba jambo moja, wateja wasijue. "Hapa watu wanakuja kunyolewa, hawaji kunihurumia," alisema. Nikamwapia.

Wiki ya pili vipele vikaanza. Vilianzia pembeni mwa pua, vikapanda mashavuni na kwenye paji la uso, vikaingia hadi kichwani. Vyekundu, vingine na usaha juu, vinamwasha na kumuuma. Ngozi ya kando ya kucha ikapasuka. Akaacha kujinyoa mbele ya kioo kwa sababu wembe ulikuwa unamchoma, ndevu zikaota ovyo katikati ya vipele, na uso uliokuwa ukituletea wateja ukawa unawafukuza. Wakati huohuo, naapa, kikohozi kilikuwa kinaisha. Mwisho wa mwezi wa pili alipanda ngazi za benki bila kupumzika katikati. Picha ya kifua ikaonyesha uvimbe umepungua zaidi ya nusu. Dada alilia kwa furaha, nami nikafurahi, ila nilirudi saluni nikiwaza vile vipele.

Palikuwa na mwalimu mstaafu, mteja wa shemeji wa kila Ijumaa tangu mimi sijafika pale. Ijumaa moja aliingia, akatundika kofia, shemeji akakung'uta kitambaa na kumkaribisha kitini. Mwalimu akamtazama usoni. Akakipita kile kiti, akaenda kukaa kwenye benchi.

"Leo namsubiri Mkasi," alisema. "Nataka mtindo wa vijana."

Mwalimu huyo ana nywele juu ya masikio tu. Siku nyingine benchi zima lingevunjika mbavu. Siku ile hakucheka mtu. Shemeji alikikunja kitambaa mara mbili, akakikunja tena, akakiweka juu ya meza.

Wengine wakafuata. Waswahili husema kufa kufaana, na mimi nilifaana kwelikweli. Benchi likawa langu. Watu waliokuwa hawanitambui zaidi ya salamu wakawa wananisubiri saa nzima. Nilikuwa nikinyoa huku napiga mluzi, na mita mbili kutoka kwangu shemeji anafuta kiti ambacho hakijakaliwa na mtu tangu asubuhi. Mluzi ule naukumbuka vizuri. Ningependa kusema nilikuwa naficha huzuni, lakini nilikuwa na raha.

Fundi wa majokofu, mteja wangu, alininong'oneza nikiwa namnyoa: "Mkasi, mzee yule hana kitu cha kuambukiza?"

"Aah, mzio tu. Amebadilisha sabuni."

"Mwambie ajifunike basi. Tunaogopa."

Kesho yake nilimwambia. Nilichagua asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, nikiwa nasugua sinki. Nikaanza kwa mzunguko kama kawaida ya waoga: kwamba uso umeumbwa na haya, kwamba duka ni letu sote, kwamba binadamu hawana dogo, kwamba labda barakoa, kwa muda tu.

"Kwani natisha?" aliuliza.

"Hutishi, shemeji. Ila unawajua watu."

Akaingiza mkono mfukoni akatoa barakoa. Alikuwa ameshainunua, anasubiri kuambiwa.

Laiti ningeishia hapo. Lakini ulimi hauna mfupa, na wangu hauna hata breki. Nikiwa bado nimempa mgongo, maji yanatiririka, nikasema: "Na hicho kidonge, shemeji, si umeshapata nafuu? Huwezi kukipumzisha kidogo, wiki moja mbili, ngozi nayo ipumue?"

Maji yaliendelea kutiririka. Baadaye alisema, "Nitaangalia."

Nikazima bomba. Sikugeuka kuona alivyolisema.

Baada ya kama wiki tatu aliingia bila barakoa. Akafungua mlango wote, akapaka povu, akajinyoa mbele ya kioo kama zamani. Uso ulikuwa umetakata. Yalibaki madoa meusi machache, ambayo poda ingeyaficha. Nilipiga kelele mpaka muuza magazeti akachungulia. Nilimkalisha kwenye kiti chake, nikakizungusha kiti kiwaelekee waliokaa kwenye benchi, nikawaambia, "Mwoneni! Mwoneni kijana huyu! Nani alisema mzee?" Nikatuma soda dukani kwa watu wote waliokuwamo, kwa gharama yangu, mimi ambaye kwa ubahili nimetungiwa visa. Mwalimu mstaafu alirudi Ijumaa hiyo na kukaa kiti cha shemeji bila kusema neno. Sidhani kama shemeji alicheka na sisi. Sikuwa namtazama yeye, nilikuwa nawatazama wateja.

Je, nilimwuliza kuhusu vidonge? Sikumwuliza. Swali lilikuwepo, nililiona kama mtu anavyomwona anayemdai akija njiani, nikavuka upande wa pili wa barabara. Na kikohozi kiliporudi, kwanza kidogo, kisha cha kumfanya azime mashine katikati ya kichwa cha mtu na kushika ukingo wa meza, mimi nilichofanya ni kuongeza sauti ya redio.

Siku ya kliniki dada alikuwa amebanwa. Yeye hushona sare za wanafunzi nyumbani, na shule zilikuwa zinafunguliwa wiki ileile. "Mdogo wangu, nenda naye wewe," aliniambia. "Yeye akiulizwa hali husema nzuri tu. Wewe unajua kuongea."

Chumba cha muuguzi wa saratani kilikuwa kidogo, cha meza moja, mizani, na viti vitatu vya plastiki ambavyo kimoja mguu wake ulifungwa kwa waya. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Shemeji alikaa. Muuguzi alivaa miwani akamtazama usoni, akaendelea kumtazama. Mimi, niliyetumwa kwa sababu najua kuongea, nikaongea.

"Umeona, sista? Uso wote umetakata. Mara ya mwisho alikuwa hatazamiki. Sasa tumepona kabisa, kimebaki kikohozi kidogo tu cha vumbi."

Hakunicheka wala hakunipongeza.

"Vipele vimeisha tangu lini?"

"Wiki ya tatu sasa," nilisema.

"Alipaka nini? Nani alimwandikia?"

"Havikupakwa kitu. Vimeondoka vyenyewe."

Muuguzi alivua miwani.

"Nisikilizeni," alisema, lakini alikuwa anamwambia shemeji. "Swichi ile ambayo kidonge kinaikalia kwenye uvimbe, ngozi nayo inayo. Ya ngozi ni nzima, inatumika kuikuza na kuiponya kila siku. Dawa ikiingia mwilini inaigusa na hiyo, basi ngozi inalalamika. Vipele hivyo tunavijua. Yako mafuta yake, viko vidonge vyake, na vikizidi daktari mwenyewe anapunguza dozi au anaisimamisha kwa siku anazozihesabu yeye. Mgonjwa akiniletea vipele simlilii. Mara nyingi ni ishara kwamba dawa imefika na inafanya kazi. Akija ametakata namna hii, hajatibiwa ngozi, na anakohoa, hapo ndipo naogopa. Baba, unameza?"

Shemeji alitazama vidole vyake. Kucha nazo zilikuwa zimepona, sikuwa nimeona.

"Niliacha," alisema. "Wiki ya sita hii."

Kila asubuhi alimwambia dada kwamba atakimezea saluni. Akakitia mfukoni, akafika, akakitia kwenye droo yake, chini ya pakiti za wembe. Mikono yangu ilikuwa ikipita juu ya droo ile mara ishirini kwa siku.

"Kuna mtu alikushauri uache?" muuguzi aliuliza.

Hapo ndipo kilipo chote ninachotaka kusema. Aliuliza kwa upole, bila kumtafuta mchawi, alitaka kujua tu. Na shemeji hakujibu mara moja. Aliniachia nafasi. Sasa najua kwamba aliniachia nafasi, kwa sababu aliinua uso akatazama ukuta wa mbele, kando kabisa na mimi, kama anavyofanya mteja akikupa shavu umnyoe. Nilisikia kiti changu kikilia kwenye ule mguu wa waya.

"Hapana," alisema shemeji. "Ni mimi mwenyewe. Kazi yangu ni ya uso, sista."

"Na wewe ndugu yake, ulikuwa hujui?"

"Sikujua," nilisema.

Kwamba ameacha, ni kweli sikuwa nimeambiwa. Naweza kuapa juu ya jibu hilo mbele ya hakimu yeyote, na bado nilipolitoa masikio yaliniwaka moto.

Walimpiga picha mchana huohuo. Daktari alituonyesha ya mwanzo, ya pili na ya siku ile, zikiwa zimepangwa kwenye kompyuta. Hakuhitaji kuelekeza kidole. Uvimbe uliokuwa umenywea ulikuwa umejaa tena. Alisema ataanza upya na dawa ileile, pamoja na mafuta na vidonge vya ngozi, kwamba mara nyingi dawa hushika tena, na kwamba hawezi kuahidi mambo yatarudi pale yalipokuwa. Alisema pia kwamba hata kwa anayemeza vizuri, ipo siku uvimbe hujifunza njia ya kuikwepa dawa, kwa hiyo miezi ambayo dawa inafanya kazi ni mali. Shemeji aliitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nahesabu: wiki sita.

Nyumbani dada alipokea habari akiwa amesimama, futi ya kushonea ikiwa shingoni. Sijawahi kumsikia akimpandishia mumewe sauti. Siku ile alimpandishia.

"Chunusi? Ulitaka kuniacha mjane kwa ajili ya chunusi? Kila asubuhi unanidanganya machoni, mtu mzima mwenye mvi! Kwa ajili ya nani? Wale wanaokuja kunyolewa ndevu?"

Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa. Hakujitetea hata kwa neno moja. Niliwekewa chai, nikakishika kikombe kwa mikono miwili, nikasubiri atulie niseme. Alipotulia alinigeukia mimi, macho yamejaa machozi, akanishika bega.

"Asante, mdogo wangu. Bora ulikuwepo wewe. Angekwenda peke yake angemficha hata muuguzi."

Nikasema, "Usijali, dada." Nikanywa chai ile mpaka ikaisha. Nilijiona si lolote si chochote, na bado niliimaliza.

Vidonge vikaanza tena, na siku ya kumi vipele vikarudi, safari hii vichache kidogo kwa sababu ya mafuta. Ijumaa ikafika, na mwalimu mstaafu akafika nayo. Akatundika kofia. Shemeji akakung'uta kitambaa. Mwalimu akamtazama, akakohoa kidogo kwa adabu, akaelekea kwenye benchi, akasema kwamba leo atanisubiri mimi.

Damu ilinipanda. Nilijiambia kwamba ile ndiyo nafasi yangu, kwamba Mungu ameniletea upya kile nilichokiacha hospitali. Nikazima mashine, mteja wangu akiwa amenyolewa nusu kichwa.

"Mwalimu, kaa kwenye kiti chako!" nilifoka. "Unamkimbia nini? Mtu ana saratani ya pafu! Vipele hivyo ni vya dawa, na vikionekana ujue dawa inafanya kazi. Haviambukizi! Mmemtenga mpaka akaacha kumeza, nusura mmuue, nyinyi na nyuso zenu!"

Nyinyi. Hivyo ndivyo nilivyosema.

Redio ilikuwa inatangaza dawa ya meno. Watu watano kwenye benchi walikuwa wanatazama miguu yao. Mwalimu aliinuka, akaenda kwenye kiti cha shemeji, akakaa, akasema kwa sauti ile ya wanaotembelea wagonjwa, "Pole sana, ndugu yangu. Hatukujua. Pole sana." Mmoja mmoja wakaanza: pole, mzee, pole, Mungu atakusaidia. Fundi wa majokofu alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Shemeji alisema asante kwa kila mmoja. Akamnyoa mwalimu zile nywele za juu ya masikio, taratibu, kwa ustadi wake wote, na mwalimu alikuwa anamtazama kwenye kioo kwa macho ya kumzika.

Saluni ilipokuwa tupu, saa sita hivi, shemeji alisafisha mashine yake kwa brashi, akaipaka mafuta, akaitundika.

"Hospitali ulitakiwa useme, ukanyamaza," alisema. "Leo ulitakiwa unyamaze, ukasema."

"Shemeji, mimi nilitaka..."

"Najua ulichotaka. Ulitaka upumue." Hakuwa na hasira, na ningeshukuru kama angekuwa nayo. "Sikuacha dawa kwa sababu yako, usijipe ukubwa huo. Niliacha kwa sababu nilikuwa nataka kuacha, wewe ukaniambia ninachokitaka. Lakini dada yako anakushukuru kila siku mezani kwangu, nami nimechoka kuzisikia shukrani hizo. Nenda kamwambie."

Nilikwenda kwa miguu, jua la mchana kichwani, na njia nzima nilikuwa natunga maneno mazuri. Nilipofika yote yalikuwa yameyeyuka. Dada alikuwa kwenye cherehani, kola za mashati zimepangwa kulia kwake. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni: barakoa, kidonge kipumzishwe, muuguzi alivyouliza, nilivyojibu. Nikamwambia na lile la asubuhi ile, la wateja kujua. Mguu wake ulisimama juu ya kikanyagio. Nilingoja matusi. Nilikuwa nayahitaji.

"Ulipomwambia apumzishe kidonge," aliuliza, "ulikuwa unamtazama?"

"Hapana. Nilikuwa nimempa mgongo. Nilikuwa nasugua sinki."

Alikata uzi kwa meno.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi uwe hapa. Na keshokutwa, na kila siku mpaka nitakapokwambia basi. Wewe ndiye utakayempa kidonge, kwa mkono wako, na utamtazama."

Kesho yake nilifika kabla ya muda. Shemeji alikuwa mezani na glasi ya maji, fulana ya ndani tu, mafuta ya ngozi yanang'aa usoni. Dada alitupa mgongo, alikuwa ameshaanza kushona. Nilibonyeza kidonge kutoka kwenye karatasi yake, nikakiweka kwenye kiganja cha shemeji. Akakitia mdomoni, akanywa maji, akameza. Kisha akafungua mdomo na kuinua ulimi, kama mtoto wa chekechea, akasubiri nimkague. Mtu aliyenifundisha kazi, aliyenilisha, anaufungua mdomo wake mbele yangu asubuhi na mapema kwa sababu yangu. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Amemeza?" aliuliza dada bila kugeuka.

"Amemeza."

"Na uso?"

Sikuwa nimejua kwamba nitaulizwa hilo. Miaka kumi na mbili tumesimama bega kwa bega mbele ya kioo, na sidhani kama niliwahi kumtazama mtu yule ana kwa ana kwa muda mrefu hivyo.

"Vipele vimeongezeka," nilisema. "Vimeongezeka viwili, pembeni mwa pua."

"Afadhali," alisema dada, na cherehani ikaendelea.

Niliinamisha kichwa nikaanza kuikunja ile karatasi ya vidonge.

"Usitazame chini, shemeji," aliniambia mume wa dada. "Hujamaliza. Kuna na kingine hapa kidevuni."

Nikainua macho, nikakitazama.